Kwa mnaoanza kazi kwenye utafiti wa uvumilivu wa kinga: hela ya serikali inalipia nini hasa

Wadogo zangu mnaoanza kazi huku Marekani kama waratibu wa utafiti au wanafunzi wa masters, na mmejikuta kwenye timu za uvumilivu wa kinga, kuna kitu naomba mkijue mapema maana orientesheni huwa inakipita haraka. Mtafundishwa fomu, mtafundishwa maadili, mtapewa paswedi kumi, lakini hakuna atakayekaa na wewe akwambie kwa nini serikali ndo inalipa.

Uvumilivu wa kinga, kwa lugha ya nyumbani, ni ile hali ya kinga ya mwili kukiacha kitu bila kukishambulia huku ikiendelea kupigana na vijidudu kama kawaida. Kitu chenyewe kinaweza kuwa figo aliyopandikizwa mtu, au seli zake mwenyewe za kongosho kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, au hata karanga kwa mtoto mwenye aleji. Sasa fikiria, utafiti wetu ukifanikiwa maana yake nini? Mara nyingi maana yake mgonjwa anaacha dawa. Kampuni inayouza dawa ya kumezwa kila siku maisha yote haina sababu kubwa ya kutoa mamilioni kulipia jaribio la kuiachisha dawa hiyo. Na karanga hakuna mwenye hatimiliki nayo. Ndo maana mwaka 1999 NIAID, taasisi ya aleji na magonjwa ya kuambukiza iliyo chini ya NIH (taasisi za afya za serikali ya Marekani), ilianzisha Immune Tolerance Network, ITN, yaani mtandao wa utafiti wa uvumilivu wa kinga, kwa mkataba wa dola milioni 144 wa miaka saba, ikishirikiana na NIDDK, taasisi ya NIH ya kisukari na figo, na shirika la kisukari la JDRF, na kiongozi wa kwanza akawa Jeffrey Bluestone.

Ukishalielewa hilo kazi yako inabadilika sura. Kwenye utafiti wa watoto waliopandikizwa ini kutoka kwa mzazi wao, uliotoka 2012, watoto 20 walipunguziwa dawa za kushusha kinga kidogo kidogo kwa uangalizi mkali na 12 wakaziacha kabisa. Kumi na wawili! Mimi nikisoma hiyo namba bado nasisimka, maana dawa zile zinaumiza figo na zinaongeza hatari ya maambukizi na saratani, na mtoto angezimeza hadi uzee. Lakini utafiti mkubwa uliofuata, wa watoto 88, waliofanikiwa walikuwa 33. Kwa hiyo swali kubwa sasa ni namna ya kumtambua mapema yupi ataweza na yupi hataweza, na jibu linatafutwa kwenye damu na kwenye vipande vya ini, yaani kwenye zile chupa ndogo unazopewa wewe uzifungashe Ijumaa saa kumi jioni wakati kila mtu anataka kwenda nyumbani.

Hapo nitakaa kidogo. Damu ya kupima seli T, aina ya seli za kinga, sio kama ya kupima sukari, seli zinatakiwa zifike maabara zikiwa hai, zitenganishwe ndani ya muda uliopangwa, zigandishwe taratibu halafu zikae kwenye naitrojeni ya maji miaka na miaka zikimsubiri mtu mwenye swali ambalo leo hakuna aliyelifikiria. Ukiandika saa ya kuchukua damu kwa kukisia, yule mtu wa baadaye ataona tofauti kati ya wagonjwa wawili na atadhani ni kinga kumbe ni kuchelewa kwa msafirishaji wa sampuli. Na mgonjwa huyo huwezi kumrudisha ilivyokuwa siku ile kabla hajapunguziwa dawa. Andika saa halisi hata kama inakuaibisha.

La pili ni ushirikiano. Mwaka 2000 timu ya Edmonton, Kanada, ilitangaza kuwa wagonjwa saba wa kisukari cha aina ya kwanza waliopandikizwa visiwa vya kongosho, yaani vikundi vya seli zinazotengeneza insulini, hawahitaji tena insulini, dunia nzima ikashangilia. ITN ikalipeleka jaribio hilo kwenye vituo tisa, wagonjwa 36. Matokeo ya 2006: baada ya mwaka mmoja 16 walikuwa hawatumii insulini, na baada ya miaka miwili ni watano tu waliobaki hivyo, tena vituo vilitofautiana sana, vyenye uzoefu vikafanya vizuri zaidi. Wengine wanaita hiyo kushindwa, mi sikubaliani kabisa. Bila hela ya kulipia vituo vingi tungebaki na furaha ya hospitali moja na wagonjwa wengine wangepandikizwa kwa matumaini hewa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni LEAP, ule wa karanga, ulioongozwa na Gideon Lack kule London kwa hela ya Marekani. Watoto 640 wa miezi minne hadi kumi na moja, nusu walishwa karanga na nusu wakaepushwa mpaka wanafika miaka mitano. Kwa wale ambao kipimo cha ngozi mwanzoni hakikuonyesha kitu, walioepushwa 13.7% walipata aleji, waliokula ni 1.9%. Ulichapishwa 2015, na kufikia 2017 mwongozo wa Marekani wa kuwalisha watoto karanga ulishabadilika. Ila angalia hii wengi wanaipita: majibu ya mwisho yalipatikana kwa watoto 628 kati ya 640. Baada ya miaka yote ile! Hiyo ni kazi ya waratibu waliopiga simu, waliojua jina la mtoto, waliopanga kliniki kulingana na shule na zamu za mama. Bajeti ikianza kubanwa na ukasikia nauli ya washiriki inakatwa kwanza, ongea kwenye kikao, usinyamaze, hiyo nauli ndo utafiti wenyewe.

Kuhusu hela yenyewe, nyingi huku zinatolewa kwa makubaliano ya ushirikiano, sio ruzuku ya kawaida ambayo profesa anapewa na kuachiwa. Ofisa wa NIH anakaa kwenye vikao, anapitia protokoli, yaani mpango wa jaribio, na kuna bodi huru ya usalama inayoweza kupendekeza jaribio lisimamishwe. Ofisa huyo usimwone kama polisi, mpigie mapema tatizo likiwa dogo.

Na kwa mliobaki nyumbani mnaotaka kushirikiana nasi: mwaka 2025 NIH ilibadilisha utaratibu wa "subaward", yaani mgao wa hela unaopita kwa taasisi ya Marekani kwenda nje, kwa hiyo muulize mshirika wako kabla hujaandika chochote hela itafikaje kwenu na nani atasaini. Sampuli nazo zikitoka Tanzania zinahitaji kibali na mkataba wa kuhamisha kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, mchakato huo uanze siku moja na maombi ya maadili, na kwenye mkataba mwandike wazi nani kati yenu ataruhusiwa kuzitumia zile seli miaka kumi ijayo.