Kiwanda kimeuzwa, miaka yangu 11 inakwenda wapi?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Mimi ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha kukamua alizeti hapa Singida, nimetimiza miaka 11. Wiki iliyopita meneja alitukusanya kantini akasema kiwanda kimepata mmiliki mpya na sote tunahamia kwake, kazi ileile, mshahara uleule. Tukagawiwa karatasi za kurasa mbili, tuzirudishe Ijumaa. Ndani kuna mkataba mpya wenye miezi 6 ya matazamio, na chini kabisa imeandikwa kwamba sina madai yoyote kwa mwajiri wa zamani. Nikisaini, miaka yangu imepotea? Nisiposaini, nitakuwa nimejifukuzisha mwenyewe? Wenzangu watatu wameshasaini.

JIBU: Usisaini kwanza, ndugu yangu. Chukua slipu yako ya mshahara ya mwezi uliopita, iweke kando ya hiyo karatasi, ulinganishe jina la kampuni kwenye zote mbili, herufi kwa herufi.

Nasema hivyo kwa sababu "kimeuzwa" ni neno lenye sura mbili. Huenda zilizouzwa ni hisa: kampuni ni ileile, wenye kampuni ndio wamebadilika. Hapo mwajiri wako hajaondoka. Mkataba wako wa zamani unaendelea, hakuna matazamio mapya, yaani kipindi cha kujaribiwa kazini, na kiinua mgongo hakipo, kwa kuwa hujaachishwa kazi. (Hili huwaudhi wengi. Wakisikia kampuni imeuzwa, siku hiyohiyo wanaanza kupiga hesabu za mafao.) Sura ya pili ni kuuzwa kwa mali, yaani majengo, mashine na jina la mafuta, kwenda kwa kampuni nyingine kabisa. Hapo ndipo mwajiri anapobadilika. Karatasi yako inafanana na hii ya pili, ila nimewahi kuona ya kwanza ikivalishwa nguo za ya pili ili watu waanzishwe upya. Jina likiwa lilelile, uliza kwa maandishi mkataba mpya ni wa nini.

Tuseme majina yanatofautiana. Afrika Kusini, kifungu cha 197 cha sheria yao ya mahusiano kazini kinasema biashara ikihamishwa ingali hai, wafanyakazi wanahama nayo na miaka yao yote. Uingereza wana kanuni za mwaka 2006 zenye shabaha hiyo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haina kifungu cha namna hiyo. Kwetu tunabaki na msingi wa zamani: mkataba wa ajira haupokezwi kama funguo za ghala bila mwenyewe kukubali. Mwaka 1940, katika kesi ya mchimba makaa ya mawe aitwaye Nokes, ambaye kampuni yake iliunganishwa na nyingine bila yeye kujua, mahakama ya juu ya Uingereza ilikataa kwamba alihamishwa pamoja na mali. Lord Atkin alisema haki ya mtu kuchagua atakayemtumikia ndiyo inayomtofautisha mfanyakazi na mtwana. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, lakini mawakili bado tunauegemea.

Kwa hiyo kukataa si kujifukuzisha. Ukikataa, unabaki mfanyakazi wa mwajiri wa zamani, na kama hana tena kazi ya kukupa, lazima afuate utaratibu wa kupunguza wafanyakazi: atoe notisi, aeleze sababu na ashauriane nanyi au na chama chenu. Ila kuna mtego. Sheria inamnyima kiinua mgongo anayekataa, bila sababu ya msingi, kazi mbadala kwa mwajiri huyo au kwa mwajiri mwingine. Ukikataa kwa kuwa miaka yako imefutwa na umerudishwa kwenye matazamio, hiyo nadhani ni sababu ya kusimama nayo mbele ya msuluhishi. Ukikataa kwa kuwa humpendi tajiri mpya, sikushauri.

Sasa hayo matazamio. Kabla sijawa wakili nilikuwa afisa rasilimali watu kwenye hoteli moja iliyouzwa, na mimi ndiye niliyeandaa jedwali la kukabidhi wafanyakazi. Lilirudi kutoka kwa wamiliki wapya safu ya tarehe ya kuajiriwa ikiwa na tarehe moja kwa watu wote, kuanzia mkuu wa jikoni hadi mlinzi wa geti. Mpishi mmoja alikuwa na miaka 14 pale. Asubuhi ya kwanza alivaa aproni mpya yenye nembo ngeni, akawasha jiko lilelile kwa kibiriti kwa sababu kiwashio chake kilikuwa kibovu tangu zamani, na yeye pekee ndiye aliyejua namna ya kuliwasha. Mwezi wa nne akapewa barua ya mistari mitatu: hakufaulu matazamio. Alikuja ofisini kwangu kuuliza ni matazamio gani. Sikuwa na jibu.

Sheria iliyombana ni hii: kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimfikii aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo. Vivyo hivyo likizo zenye malipo. Kama miongoni mwenu kuna mjamzito anayekaribia kujifungua, mwambieni leo. Akianzishwa upya bila masharti, anaweza kujikuta hana haki ya zile siku 84 za uzazi zenye malipo.

Twende kwenye pesa. Kiinua mgongo cha kisheria ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, na kinagota kwenye miaka 10. Kwa mfano, anayelipwa 650,000 kwa mwezi na kufanya kazi siku 6 kwa wiki anagawa kwa 26, anapata 25,000 kwa siku. Mara 7, mara 10, ni shilingi 1,750,000. Ongeza notisi ya siku 28 au malipo yake, likizo ambayo hukuichukua, hati ya utumishi, na usafirishaji wa kurudi ulikoajiriwa kama si hapo Singida.

Umeona hapo? Mwaka wako wa 11 haukuongeza kitu. Kijana mwenye miaka 4 ningemwambia apiganie miaka yake itambuliwe na mwajiri mpya kwa maandishi. Wewe umeshagota, na ukiibeba miaka 11 kwenda kule, hesabu ya kisheria itapanda tu mshahara ukipanda. Ningekuwa wewe ningedai nilipwe sasa na mwajiri wa zamani, kisha kwenye mkataba mpya nidai sentensi moja: kwamba kwa mambo ya likizo na ya kuachishwa kazi, utumishi wangu unahesabiwa haujakatika. Usichokubali ni kukosa vyote viwili, na karatasi yako ndivyo ilivyopangwa.

Hilo la "sina madai" lisainiwe pesa zikiwa zimeshaingia benki, si kabla. Kabla ya Ijumaa peleka barua fupi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, useme uko tayari kuendelea na kazi na ungependa kujua kwanza nani analipa miaka yako. Nenda NSSF ukatoe taarifa ya michango. Kama kuna miezi haikupelekwa, idai wakati mwajiri bado ana ofisi. Kama tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani na biashara, lipo kiwandani, waulize kama mmiliki mpya ameukubali mkataba wa hali bora, yaani ule wa chama na mwajiri, maana aliyeusaini ni yule anayeondoka. Na kama una mkopo benki, usome: mikopo mingi ya mishahara inaruhusu benki kukata mafao yako ajira ikikoma.

Wenzako watatu waliosaini hawajafungiwa mlango, ila wasikae. Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Madai mengine ni siku 60. Aliyechelewa ataanza kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku aliyochelewa. Kwa hiyo waambie waangalie karatasi zao zinataja tarehe gani ya makabidhiano, wahesabu kuanzia hapo.