Gemu jipya linatoka, pesa ya mabango hakuna

Swali: Nina kibanda cha kuchezea gemu za PS (PlayStation) hapa Langoni, Lamu. Nimesoma kwamba gemu la Halo 2 lilitangazwa kwa simu za barabarani. Gemu jipya la mpira likitoka nataka kufanya kitu kama hicho. Ilifanyikaje, na huku itawezekana?

Jibu: Itawezekana, kakangu, tena Lamu una jambo ambalo Marekani hawakuwa nalo: jioni mji mzima unapita njia zile zile.

Mwaka 2004 tangazo la Halo 2 kwenye sinema lilimulika kwa sekunde chache anwani ya tovuti, ilovebees. Aliyeifungua alikuta ukurasa wa mfugaji nyuki umevurugika, na baadaye orodha ya saa na vipimo vya mahali, bila maelezo yoyote. Watu wakabishana mtandaoni mpaka wakang'amua: ni vibanda vya simu. Saa ikifika, simu inalia. Mpokeaji akijibu sawasawa, hadithi inasonga mbele. Mwishoni baadhi yao waliitwa kulicheza gemu kabla halijatoka tarehe 9 Novemba.

Simu zenyewe si kitu. Fumbo lilikuwa kubwa kuliko mtu mmoja, na ilibidi utoke nyumbani ufike mahali kwa saa yake, ukute kinachokujibu.

Kwako, anayejibu awe muuza kahawa wa uwanja wa Mkunguni. Zungumza na nahodha, jioni mashua ipite mbele ya gati na neno moja kwenye tanga. Kijana atakayekwenda baada ya Isha, akanunua kikombe na kulitamka neno lile, apewe tarakimu moja. Tarakimu nyingine tatu ziwe kwa wauzaji wengine, kila mmoja na neno lake na siku yake. Watatumiana WhatsApp. Waache, huko ndiko kutangaziwa bure! Kundi la kwanza kufika mlangoni kwako na namba kamili ndilo lifungue gemu. Na wauzaji uwalipe. Hilo husahauliwa sana.

Gemu lipakue mapema kadiri kampuni inavyoruhusu. Ni makumi ya gigabaiti, na ukingoja usiku wenyewe wateja watakodolea macho asilimia zikipanda. Nembo ya kampuni usiitie kwenye tanga, watu wasidhani imekudhamini. Kuta za Mji wa Kale usizibandike chochote: ni urithi wa dunia tangu 2001, na watu wa Makumbusho hawako mbali.