Barua kwa mwanangu: nusa stiki kwanza

Ilula, Jumapili jioni

Mwanangu,

Huku hatujambo. Shangazi yako amerudi salama, na vitunguu vya kule bondeni tumemaliza kung'oa juzi.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema Land Rover linakohoa na kuzima ukipanda mlima wa Kitonga, halafu likipumzika nusu saa linawaka kama halikuwa na neno. Na tangu mwezi uliopita, injini ikishapata moto ukasimama mahali, taa ya oili inachezacheza. Unaniuliza ununue pampu mpya ya oili, na ile ya petroli uing'oe kabisa ufunge ya umeme. Bei zote mbili umeshaziulizia.

Nami nakuuliza: stiki, kile kijiti cha kupimia oili, umeinusa?

Usikunje uso. Umeniletea magonjwa mawili kana kwamba ni ya magari mawili. Kwenye injini hii ya cc 2286, pampu ya petroli imefungwa ubavuni mwa bloku, na mkono wake umeingia ndani unasukumwa na kemshafti, ile shafti inayofungua valvu. Kinachotenganisha petroli na oili pale ni diaframu, kipande cha mpira chenye kitambaa ndani, chembamba kuliko ndala iliyolika. Diaframu ikipasuka, pampu inakosa nguvu ya kuvuta, kwa hiyo kwenye mlima kabureta, inayochanganya petroli na hewa, inabaki na njaa. Wakati huohuo petroli inayovuja inashuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na kuchanganyika na oili. Oili ikishakuwa nyepesi kama maji, presha itatoka wapi? Taa lazima iwake. Mpasuko mmoja, wewe unaona pampu mbili mbovu.

Pampu nyingi za aina hii zina kitundu chini ya tumbo lake, ili diaframu ikipasuka petroli itoke nje uione. Kwa vumbi la barabara zetu, likichanganyika na grisi, kitundu hicho kinaziba hadi kinageuka sehemu ya chuma. Kitafute kwa kidole, ukizibue kwa waya. Kikianza kudondosha petroli, nusu ya jibu unayo.

Stiki unaipima hivi. Asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare. Ichomoe, ifute, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena. Tazama mstari kwanza, kisha nusa. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe uache kwa saa moja: oili nzima inabaki doa lenye ukingo, na iliyoingiwa na petroli inatambaa na kuzungukwa na duara pana, jepesi. Injini ya umri huu inakula oili kidogo, ni haki yake. Haili? Jiulize. Oili inapanda na wewe hujaongeza? Usiwashe tena, hata kwa kulisogeza uani, maana mvuke wa petroli ndani ya sampo unaweza kushika moto.

Najua unakumbuka majira yale tulipokuwa tunabeba nyanya na baba yako mdogo, lakini ulikuwa mdogo, na mengine tuliyaficha. Marehemu baba yako alikuwa na daftari la gari, lile la jalada la bluu. Kila Jumamosi aliandika usawa wa stiki. Ninalo hapa mbele yangu. Jumamosi ya kwanza: "katikati". Ya pili: "mstari wa juu". Ya tatu: "juu ya mstari, unene wa kidole". Hakuna mahali alipoandika kwamba ameongeza oili. Ya nne: "taa inawaka ikisimama".

Likapelekwa gereji. Fundi akasikiliza injini, akatazama taa, akasema metali zimeisha, zile beringi zinazobeba kranki, shafti kuu ya injini. Hakufunga geji ya kupima presha ya oili, wala stiki hakuichomoa. Injini ikashushwa, kranki ikapelekwa kuchongwa, zikawekwa metali mpya na pampu mpya ya oili. Ng'ombe wawili wa bibi yako waliishia pale. Na pampu ya petroli? Ikafutwa kwa tambara ikarudishwa ileile, kwa kuwa "ilikuwa inafanya kazi".

Wiki mbili tu. Nusu ya mlima wa Kitonga taa ikawaka na haikuzimika, kisha ikaanza ile sauti ya ko-ko-ko inayofuata mguu wako kwenye mafuta. Metali mpya zilikuwa zimeoshwa na petroli siku zote hizo. Mzee aliyeitwa kutoka Ruaha Mbuyuni hakushika spana. Alichomoa stiki, akainusa, akampa baba yako naye ainuse. Ndipo wakafungua pampu ya petroli: mpasuko mfupi kuliko ukucha wa kidole kidogo, kandokando ya kile kisahani cha katikati.

Namlaumu fundi yule? Namlaumu. Lakini daftari lilikuwa nyumbani kwetu, si kwake. Mwenye kuona oili inapanda Jumamosi tatu mfululizo alikuwa nani? Na bado narudi palepale: mtu anayelipwa kufungua injini hana budi kunusa stiki kwanza. Hili silitoi hata nikibishiwa na mhandisi.

Sasa usije ukaihukumu diaframu kwa harufu tu, maana petroli ina njia nyingine za kuingia kwenye oili. Sindano ya kabureta isiyofunga itafurisha. Choki iliyosahaulika nje, vilevile. Plagi moja isiyochoma inaacha petroli ya silinda yake ioshe kuta na kushuka chini. Toa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wake: moja ikiwa imelowa peke yake, anza na hiyo, zote zikiwa nyeusi na zimelowa, nenda kwenye kabureta. Kabureta hizi za Zenith mfuniko wake wa juu unapinda kwa joto, uweke juu ya kioo cha dirisha uone kama umelala sawasawa.

Kama stiki inanuka, rekebisha chanzo, kisha mwaga oili yote. Sampo inachukua lita 6, na filta inakula karibu lita nzima. Ipokee kwenye ndoo uipime: zikitoka lita 7 kwenye sampo, ujue ni nini kilichozidi. Weka oili ya 20W-50 na filta mpya. Filta ya gari hili ni ile ya kikopo chenye bolti ndefu. Mpira wa zamani unaganda juu kwenye mfereji wake na mtu anaweka mpya juu ya wa zamani bila kujua. Ukiwasha, oili yote inamwagika chini kwa dakika. Uchokoe utoke wote.

Hapo ndipo unatafuta geji. Taa haikupi namba ya presha, zile psi. Swichi yake kwa kawaida inawasha taa presha ikishuka kati ya psi 5 na 10, na swichi yenyewe inaweza kuwa mbovu. Ifungue swichi, funga geji ya kupimia mahali pake kwa nati ya uzi uleule, washa, endesha hadi injini ipate moto kamili. Kitabu cha gari kinataka psi 35 hadi 65 injini ikiwa ya moto, kwenye gia ya nne kwa maili 30 kwa saa, yaani karibu kilomita 50. Ikisimama itashuka, na ikibaki 15 mimi nalala usingizi.

Kisha isome tabia ya geji. Ikiwa nzuri asubuhi na kuporomoka injini ikipata moto, ama oili ni nyepesi ama metali zimelika, za kranki au za kemshafti. Ikiwa chini muda wote, baridi na moto, tazama valvu ya presha: kwenye injini hii imefungwa kwenye mwili wa pampu ya oili, ndani ya sampo, ina gololi, pistoni ndogo na springi. Chembe moja ya uchafu ikikaa chini ya gololi, oili inarudi kwenye sampo badala ya kwenda kwenye beringi. Ikiyumba kwenye kona na mteremko, oili ni pungufu au chujio la kuvutia limeziba tope. Tazama hayo yote ndipo useme pampu ya oili imekufa. Na ukiifungua kwa sababu yoyote, usiirudishe kavu: jaza gia zake mafuta ya mgando, la sivyo itazunguka hewani na metali zitakaa bila oili wakati injini inaunguruma.

Upande wa petroli, anza na kilicho rahisi. Siku likizima mlimani, fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia linavuta pumzi, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba, na pampu imekuwa ikivuta dhidi ya tenki lililofungwa. Lisipovuta, nenda kwenye kile kikombe cha kioo cha pampu. Kisafishe, osha wavu wake, badilisha gasketi yake. Hewa ikipenya pale huoni tone likivuja nje, kwa sababu pampu inavuta hewa badala ya petroli. Mipira ya paipu kati ya tenki na pampu nayo ina tabia hiyohiyo ikishakauka na kupasuka. Halafu fungua paipu inayoingia kwenye kabureta, ielekeze kwenye chupa mbali na koili na waya za plagi, tumia ile fimbo ndogo ya kupampu kwa mkono. Petroli iruke kwa mapigo yenye nguvu. Ukiona fimbo ni legevu na haibani kitu, usiseme imekufa: kemshafti imesimama ikiwa imeubeba mkono. Zungusha injini mara moja kwa hendeli, ujaribu tena.

Na hii ya umeme. Siikatai. Ukifunga ya umeme na kuziba tundu kwenye bloku kwa kibati na gasketi, petroli haitaingia kwenye oili kwa njia ile tena, na ikiwa karibu na tenki inasukuma, haivuti, kwa hiyo joto la mlimani halitaisumbua sana. Hapo una hoja. Lakini hii ya mkono inayosukumwa na injini ikifa, inakufa taratibu huku inakuambia, na mtu anaweza kuitengeneza kando ya barabara kwa diaframu mpya na bisibisi. Ya umeme inanyamaza tu. Tena ukipinduka, Mungu apishe mbali, na swichi ya gari bado imewashwa, itaendelea kumwaga petroli juu ya ekzosi, isipokuwa uwe umeifungia swichi ya kukata umeme. Kabureta hii haitaki zaidi ya psi 3 au 4. Ukiuziwa pampu iliyotoka kwenye gari la injeksheni, ile inayosukuma psi 40, itaikanyaga sindano na kufurisha injini siku hiyohiyo, na petroli itakwenda wapi? Kwenye oili. Utakuwa umerudi ulipoanzia, kwa gharama.

Ulitaka nikuambie nunua au usinunue. Ninalo jibu, na ulimi unaniwasha, lakini nikilitoa sasa nitakuwa sawa na yule aliyesikiliza injini kwa sikio na kuishusha. Nitumie kwanza vitu vitatu: usawa wa stiki na harufu yake, psi ikiwa ya moto kwa mwendo na ikiwa imesimama, na kama ile petroli ya kwenye chupa iliruka au ilitiririka. Hata hivyo, pesa ya pampu ya oili usiitoe mfukoni wiki hii.

Ukifungua ya petroli, diaframu ya zamani usiitupe, niletee ukija. Na stiki uipimie pale kwenye sakafu ya saruji mbele ya stoo, si pale unapopenda kuegesha, chini ya mwembe, maana pale pua ya gari imeinama na stiki itakudanganya.

Mama yako