Antivirusi kwa seva ya nyumbani: angalia kwanza mafaili yanaingilia wapi

Mkuu, umeuliza ununue antivirusi gani kwa ajili ya seva yako ya nyumbani: kompyuta ya mezani ya zamani yenye RAM ya GB 8, Ubuntu Server, folda za Samba (programu ya kushirikishana mafaili kwenye mtandao) zinazotumiwa na laptopu za Windows hapo nyumbani, pamoja na Nextcloud ya kuhifadhi picha za simu. Jibu langu ni usinunue. Weka ClamAV, antivirusi ya bure, ikague pale mafaili yanapopokelewa, na hela uliyotenga nunua diski ya nje ya bakapu. Sababu zinahitaji maelezo kidogo, na kuna mambo kadhaa ambayo ukiyaruka ClamAV itaonekana inafanya kazi kumbe haikagui chochote.

Tuanze na hatari zenyewe. Virusi vingi vinavyozunguka mitaani kwetu, vile vya shortcut vinavyorudi na flashi kutoka steshenari, ni vya Windows. Vikitua kwenye Ubuntu haviwezi kujiendesha, vinabaki faili tu mpaka mtu avifungue kwenye laptopu yake. Kwa hiyo antivirusi kwenye seva ya Linux kazi yake kubwa ni kuwalinda wanaochota mafaili humo, seva isigeuke kituo cha kusambazia.

Hatari ya pili ni zile programu zinazofunga mafaili na kudai fidia. Hizi kwa kawaida zinaendeshwa kwenye laptopu, si kwenye seva. Laptopu ikishambuliwa, programu inaandika juu ya mafaili ya folda ya Samba kwa jina na haki za mwenye laptopu. Seva inachoona ni mtumiaji halali anayesevu mafaili mengi kwa haraka. Antivirusi ya seva haina cha kukamata hapo, hata iwe ya bei gani, kwa sababu kirusi chenyewe hakijawahi kukanyaga seva.

Hatari ya tatu ni seva yenyewe kuingiliwa kupitia intaneti. Mfano mzuri ni Qlocker ya Aprili 2021 iliyoshambulia hifadhi za QNAP (visanduku vya diski vya kwenye mtandao): waliingia kupitia udhaifu wa programu, kisha wakayafunga mafaili ya watu kwa 7-Zip ya kawaida yenye nywila. 7-Zip ni programu halali kabisa, hakuna antivirusi inayoilalamikia. Januari 2022 ikaja DeadBolt, nayo ikavamia hifadhi za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti. Dawa ya mashambulizi ya namna hii ni apdeti na kufunga poti.

Ukishaelewa hivyo, uchaguzi unakuwa mwepesi. Antivirusi za kulipia za seva za Linux zipo, lakini zinauzwa kwa kampuni, kwa leseni ya mwaka, na thamani yake kubwa ni ile paneli ya kusimamia mashine nyingi kwa pamoja. Ya bure ya Sophos kwa Linux iliyokuwa ikisifiwa sana ilishasitishwa. ClamAV inasimamiwa na Cisco Talos na ipo kwenye hazina za Ubuntu na Debian. Nikuambie ukweli wake pia: kwa virusi vipya vya Windows haikamati vizuri kama injini kubwa za kulipia. Ndiyo maana kila laptopu lazima iwe na Microsoft Defender iliyowashwa na yenye apdeti. Faili likipita kwenye seva linakutana na injini moja, likifika kwenye laptopu linakutana na nyingine.

Kabla hujasakinisha, angalia RAM. clamd, yaani huduma ya ClamAV inayokagua mafaili, hupakia hifadhidata yake yote ya alama za virusi kwenye RAM na kukaa nayo muda wote. Mwongozo wa ClamAV unashauri GB 3 au zaidi. Zaidi ya hapo, kila apdeti ya hifadhidata inapoingia, clamd hushika nakala mbili kwa muda, ya zamani na mpya. Kwenye mashine ya GB 2 hapo ndipo Linux inapoanza kuua huduma, na mara nyingi inayouawa ni MariaDB, hifadhidata ya Nextcloud, badala ya clamd, kisha mtu anahangaika na Nextcloud wakati tatizo liko kwingine. Thibitisha kwa `dmesg | grep -i oom`. Kwa GB 8 zako hakuna shida. Mwenye RAM ndogo aweke `ConcurrentDatabaseReload no` kwenye `/etc/clamav/clamd.conf`, ukaguzi utasimama kidogo hifadhidata inapobadilishwa, lakini RAM haitapanda maradufu.

Usakinishaji wenyewe:

sudo apt install clamav clamav-daemon clamav-freshclam

Mara ya kwanza freshclam, inayoleta hifadhidata ya virusi, inashusha zaidi ya MB 100, kwa hiyo usifanye hivi kwa bando la mwisho wa wiki. Baada ya hapo inachukua vipande vidogo tu vya mabadiliko. Mpaka hifadhidata iwe imekamilika, `clamav-daemon` haitawaka, na hilo si kosa. Subiri, fuatilia `/var/log/clamav/freshclam.log`, kisha `sudo systemctl restart clamav-daemon`. Ukiendesha `freshclam` kwa mkono ukaambiwa imeshindwa kufunga faili la logi, maana yake huduma ya freshclam tayari inaendelea nyuma. Iache. Na usiandike skripti ya kushusha hifadhidata kwa wget au curl: seva zao zinazuia watu wa namna hiyo, utabaki na hifadhidata ya zamani.

Sasa Samba, na hapa ndipo penye kazi. Sakinisha `samba-vfs-modules`, halafu kwenye sehemu ya folda yako ndani ya `smb.conf` weka:

vfs objects = virusfilter
virusfilter:scanner = clamav
virusfilter:socket path = /var/run/clamav/clamd.ctl
virusfilter:scan on open = yes
virusfilter:scan on close = yes
virusfilter:infected file action = quarantine
virusfilter:quarantine directory = /srv/karantini
virusfilter:block access on error = yes

Kama tayari una moduli nyingine kwenye `vfs objects`, kwa mfano `recycle`, ziandike kwenye mstari huo huo mmoja. Mstari wa pili unafuta wa kwanza.

Mistari mitatu kati ya hiyo inahitaji maelezo. `infected file action` usipoitaja, chaguo-msingi ni kutofanya chochote na faili lenyewe. `scan on close` nayo chaguo-msingi imezimwa, kwa hiyo faili lililowekwa na mtu halikaguliwi mpaka mwingine alifungue. Hatari zaidi ni `block access on error`: ikiwa `no`, clamd ikizimika au ikishindwa kusoma faili, Samba inaruhusu faili lipite bila kukaguliwa na mtumiaji hajui.

Na clamd kushindwa kusoma faili ni jambo la kawaida sana. Inaendeshwa na mtumiaji `clamav`, wakati mafaili ya familia yana haki za wenyewe tu. Mwingize kwenye kikundi kinachomiliki folda:

sudo usermod -aG familia clamav

Hakikisha pia mafaili mapya yanazaliwa na haki ya kikundi kusoma, kwa `create mask = 0660` na `directory mask = 2770`, kisha washa upya clamd na smbd. Ikiendelea kukataa wakati haki ziko sawa, tafuta `apparmor="DENIED"` kwenye `journalctl` (AppArmor ni ulinzi wa Ubuntu unaozuia programu kugusa mahali pasiporuhusiwa); ukikuta clamd imezuiwa, ongeza njia ya folda kwenye `/etc/apparmor.d/local/usr.sbin.clamd`.

Usiamini mpaka ujaribu. Dunia nzima inatumia faili la majaribio la EICAR, herufi 68 zisizo na madhara ambazo kila antivirusi inazitambua. Tatizo ni kwamba ukilishusha kwenye laptopu ya Windows, Defender italinyakua kabla halijafika kwenye seva, nawe utadhani Samba imefanya kazi. Njia safi ni kusakinisha `clamav-testfiles` kwenye seva, kunakili faili moja kutoka `/usr/share/clamav-testfiles/` kwenda kwenye folda ya Samba, halafu kujaribu kulifungua kutoka kwenye laptopu. Likifunguka, Samba haikagui, rudi kwenye mistari ya `smb.conf`. Likikataa lakini halipo kwenye karantini, rudi kwenye haki za kikundi. Likikataa na ukalikuta kwenye `/srv/karantini`, upo sawa.

Nextcloud ina aplikesheni yake ya antivirusi kwa mafaili yanayopandishwa. Iwashe na uielekeze kwenye soketi ile ile ya clamd (`/var/run/clamav/clamd.ctl`). Kama Nextcloud yako iko ndani ya konteina ya Docker (programu inayoendeshwa ikiwa imetengwa na mashine), soketi ya mashine haionekani humo. Tumia konteina ya `clamav/clamav` kwenye mtandao huo huo wa Docker, poti 3310. Poti hiyo haina nywila wala kinga yoyote, usiichapishe nje. Kosa linalowapata wengi ni video kukataa kupanda: kikomo cha `StreamMaxLength` cha clamd na kile kilichoandikwa ndani ya Nextcloud lazima vipatane, cha Nextcloud kisizidi cha clamd.

Kuna mipaka uijue. Faili linalozidi `MaxFileSize` clamd hulipitisha na kuliripoti kuwa ni salama. Ukitaka likuonye weka `AlertExceedsMax yes`. Zip yenye nywila haisomeki ndani. Faili lililofungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho nalo halisomeki.

Kwa ukaguzi wa kila wiki tumia `clamdscan`, siyo `clamscan`, kwa sababu `clamscan` inapakia hifadhidata upya kila ikiitwa:

sudo clamdscan --fdpass --infected --log=/var/log/clamav/wiki.log /srv/familia

`--fdpass` inafungua faili kwa haki za aliyeita amri kisha inalikabidhi kwa clamd. Watu wengi huweka `nice` mbele ya amri hii ili isilemee mashine, lakini haisaidii: anayefanya kazi ni clamd, siyo clamdscan. Fanya `sudo systemctl edit clamav-daemon`, na chini ya `[Service]` weka `Nice=10`. Kwenye kompyuta ya kori mbili punguza pia `MaxThreads` hadi 2. Tumia `ExcludePath` kuruka `/var/lib/mysql` na `/var/lib/docker`. Na usiweke `--remove` kwenye ratiba hata siku moja. ClamAV wakati mwingine hushtaki faili lisilo na kosa, na faili la hifadhidata likifutwa katikati ya kazi, hasara yake ni kubwa kuliko ya kirusi.

Wenye seva ya Windows: Windows Server 2016 na kuendelea ina Defender ndani, inatosha. Antivirusi nyingi za matumizi ya nyumbani hukataa kusakinishwa kwenye Windows Server, na zile zinazokubali, Defender haijizimi yenyewe kama inavyofanya kwenye Windows 11, kwa hiyo zinabaki mbili zinagombania kila faili na mashine inakuwa nzito. Kama "seva" ni Windows 10 ya kawaida, apdeti zake za kawaida zilikoma Oktoba 14, 2025. Hama kwanza, antivirusi baadaye.

Turudi kwenye milango. Kwenye rauta zima UPnP (inayoruhusu vifaa kufungua poti vyenyewe), na usifungue poti 445 (Samba) wala 3389 (Remote Desktop) kwenda intaneti kwa sababu yoyote ile. Ukitaka kuingia ukiwa nje, tumia WireGuard, ambayo ni VPN. Kwa intaneti za simu ambazo hazikupi anwani ya umma, Tailscale inapita bila kufungua poti. SSH iwe kwa funguo tu, `PasswordAuthentication no`, na `unattended-upgrades` (apdeti za usalama zinazojiweka zenyewe) iwe imewashwa. Kitu kinachowashangaza wengi: poti inayochapishwa na Docker inapita juu ya ufw (ukuta wa moto wa Ubuntu). Ukiandika `-p 8080:80` umeifungua hata kama ufw inasema imefungwa. Andika `-p 127.0.0.1:8080:80`.

Bakapu ndiyo kinga kuu dhidi ya ile hatari ya pili, na ndiyo maana nilikuambia hela iende kwenye diski. Diski inayobaki imechomekwa na kuunganishwa muda wote si bakapu kamili, maana seva ikiingiliwa nayo imekwenda. Tumia restic, programu ya bakapu, kwenye diski ya nje, ichomoe baada ya kumaliza, na mara moja moja rudisha folda moja kutoka humo uone inafunguka. Kama mafaili yako yako kwenye ZFS au btrfs (mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski), snapshoti za kila saa, yaani nakala za hali ya mafaili kwa wakati fulani, zinakuwezesha kurudi nyuma kabla laptopu haijayafunga, kwa sababu mtumiaji wa Samba hawezi kuzifuta.

Siku logi ikionyesha neno `FOUND`, soma mwanzo wa jina la kirusi. Likianza na `Win.` ndani ya folda ya familia, angalia faili limewekwa na nani kwa `ls -l`, kisha kaichunguze laptopu yake kwa Defender Offline. Seva haina tatizo. Likianza na `Unix.` na faili liko `/tmp`, `/var/tmp` au ndani ya folda za Nextcloud, hiyo ni habari nyingine. Vilevile ukiona mchakato unaoitwa `kdevtmpfsi` unakula CPU yote, huo ni mchimbaji wa sarafu za kidijitali anayeletwa na kirusi cha Kinsing, na kuufuta tu hakusaidii, kwa sababu cron (kiratibu cha kazi za mashine) inaurudisha. Chomoa waya wa mtandao, nakili data peke yake, usinakili programu wala skripti, sakinisha Ubuntu upya, badilisha nywila na funguo zote za SSH, na kabla ya kurudisha waya tafuta ni huduma gani iliyokuwa wazi: mara nyingi ni Redis (hifadhidata) kwenye poti 6379 au API ya Docker kwenye 2375.