Tope la Bahari na Barafu ya Kale

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha jiografia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu, wanaoitazama barafu ya Kilimanjaro ikipungua, wameniuliza kwa nini wanasayansi wanaochunguza hali ya hewa ya kale huchimba tope chini ya bahari badala ya kuchimba barafu yenyewe. Nami najiuliza tope linawezaje kutunza habari hizo. – Mwalimu, Pasua, Moshi

JIBU: Mwalimu, barafu ya Kilimanjaro nayo ilichimbwa mwaka 2000, na watafiti walioongozwa na Lonnie Thompson walikadiria kuwa sehemu yake ya chini kabisa ina umri wa takriban miaka 11,700. Kwa historia ya dunia, huo ni muda mfupi. Sakafu ya bahari kuu hupokea mashapo, yaani chembe zinazotua chini ya maji na kuwa tope, karibu bila kukoma, mara nyingi sentimita chache tu kwa kila miaka elfu moja, hivyo bomba la chuma likididimizwa mita kumi na kitu katika tope hilo huweza kutoka na kumbukumbu ya mamia ya maelfu ya miaka. Usitarajie kusoma mwaka mmoja mmoja, kwa kuwa minyoo na viumbe wengine hulivuruga tope kabla halijafunikwa.

Kumbukumbu yenyewe imo katika magamba ya foraminifera, viumbe wa seli moja wanaojijengea magamba ya chokaa kutokana na maji wanamoishi. Maabarani, kipande cha tope huoshwa juu ya chekecheo laini na kukaushwa, kisha mtaalamu huinamia hadubini akiwa na brashi nyembamba iliyoloweshwa, akiokota gamba moja moja la spishi ileile, dogo kama chembe ya mchanga. Ni kazi ya kuchosha macho, na bila uangalifu huo vipimo vyote vinavyofuata havina thamani.

Kinachopimwa ni uwiano wa oksijeni-18, iliyo nzito, na oksijeni-16, iliyo nyepesi. Maji yenye oksijeni nyepesi huvukizwa kwa urahisi zaidi, na yakianguka kama theluji na kubaki nchi kavu katika barafu kubwa, bahari husalia na nzito zaidi. Ugumu ni kwamba ubaridi wa maji nao huongeza oksijeni nzito katika gamba. Cesare Emiliani, mwaka 1955, aliyachukua mabadiliko ya uwiano huo kuwa yametokana hasa na joto. Mwaka 1967 Nicholas Shackleton alionyesha kuwa sehemu kubwa yatokana na wingi wa barafu duniani. Siku hizi hupimwa pia uwiano wa magnesiamu na kalsiamu katika magamba, ambao hufuata joto la maji, ili mambo hayo mawili yatenganishwe.

Mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Shackleton, wakitumia mashapo ya kusini mwa Bahari ya Hindi, walionyesha kuwa enzi za barafu hufuata mabadiliko ya mzunguko wa dunia kulizunguka jua na ya mwinamo wa mhimili wake.

Mlima wenu nao una sehemu yake humo. Mto Pangani, unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, hubeba udongo hadi baharini, na katika mashapo yaliyo karibu na pwani ongezeko la chuma likilinganishwa na kalsiamu huweza kuashiria udongo mwingi kutoka nchi kavu. Hata hivyo, kiashiria hicho kisihesabiwe kuwa cha mvua peke yake: yapata miaka 21,000 iliyopita usawa wa bahari ulikuwa chini kwa takriban mita 120 kuliko leo, na bahari ikishuka, mdomo wa mto husogea karibu zaidi na mahali palipochimbwa.