Kikohozi kisichoisha: si lazima iwe sistiki faibrosisi

Pole sana, dada, kwa hofu kwamba mwanao ana sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu ute mzito na kuzuia mafuta ya chakula yasisagwe vizuri. Mtoto wa miaka 3 anayekohoa kwa miezi na haongezeki uzito, hapa Uganda kwanza achunguzwe kifua kikuu na VVU. Wadogo hawatemi makohozi, kwa hiyo uliza hospitalini kama wanaweza kutafuta kifua kikuu kwenye choo chake. Pumu nayo hufanana, ila yenyewe haileti choo ulichoeleza: cha mafuta, kinachoelea na kunuka vibaya. Hilo mwambie daktari hata asipouliza. Na kipimo cha jasho, kile cha sistiki faibrosisi, kikionyesha kloraidi (sehemu ya chumvi) ya 60 mmol/L au zaidi, usikate tamaa papo hapo. Utapiamlo mkali unaweza kuipandisha. Alishwe vizuri, apate nguvu, kisha kirudiwe. Dawa za kifua kikuu akianzishwa, usizikatize.