Re: Proposali ya oksijeni za vichanga: USIFUNGE SENSA MGUUNI!!

Mkuu simama hapo hapo. Umeuliza sampo iwe vichanga wangapi na utumie programu gani ya takwimu, halafu katikati umepitisha kimya kimya kwamba sensa ya oksimita (ile mashine inayosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu) utaifunga mguuni "maana mguu hautikisiki sana". Hapana. Mkono wa kulia. Zile dakika kumi za kwanza baada ya mtoto kuzaliwa ni mkono wa kulia tu.

Mi nimekaa leba miezi minne, usiku na mchana, vichanga 63, nafunga popote sensa inaposhika, mguu, kushoto, kulia, na kwenye fomu sikuandika hata kiungo gani. Supavaiza nilimuuliza mapema kabisa, akanijibu "oksijeni ni oksijeni, damu ni ile ile". Mtu na uprofesa wake! Inanichoma mpaka leo. Kwa mtu mzima sawa, kwa kichanga wa dakika tano hapana.

Tumboni mapafu yamejaa maji na mishipa yake imebana, kwahiyo damu nyingi ya upande wa kulia wa moyo inayakwepa, inakatiza kwenye kichochoro kinaitwa daktasi ateriosasi na kuingia kwenye aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo kwenda mwilini. Mtoto akilia mapafu yanafunguka, ila kichochoro hakijifungi palepale, kinachukua siku moja mpaka tatu hivi. Na kinaingia kwenye aota wakati tawi la kwenda mkono wa kulia limeshachepuka, ndo maana mkono huo unapata damu iliyotoka mapafuni na mguu unapata iliyochanganyika.

Nilikuja kushtuka siku mkunga mmoja wa zamani alipong'oa sensa mguuni kwa mtoto wa dakika ya tano, ilikuwa inasoma asilimia 79, akaizungushia kiganja cha kulia, ikatulia 88. Mtoto yule yule, analia vizuri, midomo myekundu. Tumbo lilinikata. Kwenye Excel yangu kulikuwa na watoto kibao nimewaandika "oksijeni ndogo" na sijui yupi nilimpima wapi. Nikafuta wote 63, nikalipa ada ya mwaka mwingine, supavaiza anasema "ndo risechi hiyo". Mnaotaka kucheka chekeni, nyie mlishawahi kumfunga sensa kichanga anayeteleza saa tisa usiku?

Lile jedwali la Dawson na wenzake la 2010, linaloonyesha oksijeni ya kawaida ya kichanga dakika kwa dakika, vichanga 468, walipima mkono wa kulia. Ukipima mguu unalinganisha nini na nini? Wanaopima mguu ni wale wanaotafuta ugonjwa wa moyo mtoto akishafikisha saa 24, nao wanapima mkono wa kulia PAMOJA na mguu, tofauti ikizidi asilimia 3 wanarudia. Hiyo ni risechi nyingine kabisa.

Na sensa ifunge kwa mtoto kwanza ndo uchomeke kwenye mashine, inasoma mapema. Saa ianze mwili wote ukishatoka, muda wa kubana kitovu uandike pembeni.

Fomu yako itupie hapa leo niangalie kama ina safu ya kiungo, kabla haijaenda kamati ya maadili.